Ankara Isiyotumwa

Mwezi wa nne, theluji ya Vadsø ingali na kiburi,
Bibi Ragnfrid wa hoteli ya bandarini alinipigia simu:
"Eilert, wamerudi."
Hakusema nani.
Mji mzima ulikuwa umeshawasikia.

Ni shakwe wadogo, miguu myeusi,
ncha za mabawa kama zimechovywa wino.
Sisi huwaita krykkje, na wao hawatuachi tusahau:
ukifika mwezi wa sita, jua lisipolala,
hujitaja jina saa nane za usiku
na wageni wa hoteli huteremka na mito yao mikononi.
Zamani walikaa majabalini.
Siku hizi bahari ina mambo yake, majabali yana tai,
na dirisha la ghorofa ya tatu ni jabali lenye joto.

Kazi yangu ni kuwanyima.
Nina kamba, mkanda wa kiunoni, keekee,
na maboksi ya miiba ya chuma.
Mwaka wa kwanza niliipigilia kingo zote za mbele.
Bibi Ragnfrid alilipa papo hapo, akaniongezea samaki mkavu.
Wiki mbili.
Shakwe wakaleta matope, mwani, nyuzi za nyavu kuukuu,
wakashindilia katikati ya miiba,
kiota kikashika kama zege lililotiwa nondo.
Nilikuwa nimewajengea msingi.

Mwaka wa pili, bundi wa plastiki,
macho ya njano, shingo inazungushwa na upepo,
bundi asiyeleta msiba wala heri.
Ijumaa alikuwa na shakwe kichwani.
Jumatatu alikuwa mweupe.

Mwaka wa tatu, wavu.
Wavu ulifanya kazi.
Hilo sipendi kulisimulia.
Asubuhi moja niliteremka kwa kamba na kisu cha kukatia mazulia
nikamnasua mmoja, bawa limepinda kama mwavuli uliovunjwa na dhoruba,
naye akaning'ata kidole gumba muda wote,
hata nilipokuwa namwokoa,
hasa nilipokuwa namwokoa.
Kwenye ankara niliandika: "Marekebisho, saa moja."

Wakahama. Ndege hafukuzwi, husogezwa tu.
Kutoka hotelini wakaenda benki, benki ikaniita.
Kutoka benki wakaenda kanisani, akaniita mchungaji,
ambaye aliona haya, akazungumza kwa sauti ya chini
kana kwamba juu kuna mtu anayesikiliza.
Gari langu nimelinunua kwa mabawa yao.
Wasemao mgeni siku ya tatu mpe jembe
hawajaona mgeni anayekuja na udongo wake mdomoni.

Mwaka huu wamefika mtaa wetu.
Nyumba ya mbao, ya kijani, namba kumi na saba.
Kwangu.
Wawili, juu ya dirisha la jikoni,
wanakanyagakanyaga matope kwa zamu
kama watu wanaojaribu viatu dukani.
Jirani yangu Oddvar alisimama uani, mikono mfukoni:
"Kumbe kweli, mganga hajigangi."

Sheria naijua kuliko sala:
kabla ya yai, fanya utakalo;
yai likishatua, mikono mbali mpaka mwezi wa nane.
Nikatoa ngazi. Nikatoa boksi la miiba,
masalio ya benki, nisingelipa hata krona moja.
Nikapanda.
Yule wa kushoto akanitazama
kwa jicho lenye pete nyekundu.
Nikakumbuka bisibisi.
Nikashuka kuitafuta.

Niliitafuta gerejini, niliitafuta chini ya viti vya gari,
niliitafuta kwa Oddvar, tukanywa kahawa.
Siku ya pili niliitafuta Kirkenes, mwendo wa saa mbili na nusu.
Leo ni siku ya nne.
Imo mfukoni mwa suruali ya kazi, mguu wa kulia,
inanigonga paja kila ninapopanda ngazi
kuchungulia kama tayari.